Kubuni Nembo ya Makumbusho

Swali: Buni nembo ya makumbusho ya tamaduni za makabila mjini Tabora. Eleza sababu za uchaguzi wako.

Mwongozo: Usikimbilie kuchora pembe ya ndovu au sura ya Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872. Jiulize: nembo hii inamkumbuka nani? Pembe ilikuwa bidhaa. Livingstone alikuwa mgeni. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ndio waliobeba mizigo ya misafara hadi Bagamoyo.

Chora mpagazi mwenye mzigo begani. Usimvike vazi la kabila moja, kwani makumbusho ni ya wote. Tumia mistari michache na rangi mbili, ili nembo itambulike hata ikiwa ndogo kama muhuri.

Kumbuka: mchoro usio na maelezo ni nusu ya jibu.