Msimamizi wa mirathi si mrithi

Barua za Shinyanga, Kahama na Geita, zinajibiwa na wakili

*Shemeji yangu aliteuliwa msimamizi na kikao cha ukoo. Anasema nyumba sasa ni yake.* (Barua 4 zinauliza hivyo, 2 kutoka Katoro. Jibu ni moja.)

Si yake. Msimamizi ni mtu wa kazi: akusanye mali, alipe madeni, agawe kinachobaki, kisha arudi mahakamani kutoa hesabu. Mrithi ndiye anayepokea. Anaweza kuwa mtu yuleyule, lakini barua ya usimamizi peke yake haimpi hata kuku. Karani wa AMCOS hushika fedha za pamba za kijiji kizima. Nani huko kwenu husema ni zake? Na ukoo haumteui msimamizi, unampendekeza. Anayeteua ni hakimu. Kanuni za mahakama za mwanzo za 1971 zinamtaka msimamizi ndani ya miezi 4 awasilishe Fomu Na. 5, yenye mali na madeni yote, kisha Fomu Na. 6 ya hesabu. Nenda kwa karani wa mahakama na namba ya shauri, uulize kama zimo kwenye jalada. Katika barua zote 4 hakuna aliyeuliza! Tena usipeleke "pingamizi". Hilo huja kabla ya uteuzi. Sasa omba uteuzi utenguliwe.

*Wanasema nami nirithiwe.*

Hapana. Sheria ya Ndoa, 1971, kifungu cha 68.

*Kweli kimila mjane hana fungu?*

Kweli, na inaniudhi. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 linasema mjane hapati fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atunzwe na wanawe. Wajane wawili wa hapahapa Shinyanga waliipinga kanuni hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuna ubaguzi, ikakataa kuifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema Tanzania imewakosea. Lakini cherehani yako na kiwanja chenye jina lako si mirathi. Na kama marehemu aliishi Kikristo, akaacha mila, omba Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado tunaitumia: mwenye watoto hupata theluthi 1.

*Mtoto wa haramu anarithi?*

Mtoto si nyama, hana uharamu. Sema mtoto wa nje ya ndoa. Mila hiyohiyo ya 1963 humfungia mlango, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto stahili yake katika mali ya mzazi wake. Ubaba ukibishaniwa, omba mahakama iamuru kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mganga anayelinganisha masikio hahusiki.

*Na duara la dhahabu la baba?*

Dhahabu iliyo ardhini ni ya Jamhuri. Karasha, pampu na mifuko ya mawe viandikwe kwenye Fomu Na. 5.

Kishoka anayewauzia fomu nje ya geti la mahakama, mwombeni namba yake ya uwakili. Na mkiniandikia tena, wekeni tarehe ya uteuzi.