SOMO LA MWEZI: MIA TANO HAIKUWASHA TAA



Sisi wa Voi malori ni majirani zetu. Barabara kuu ya Mombasa–Nairobi yapita hapa, na hapa ndipo inapochipuka ile ya Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta. Basi somo letu ni juu ya dereva na askari wa trafiki.

KISA

Dereva mmoja alitusimulia hivi. Alitoka Taveta na ndizi za kupeleka Kongowea, Mombasa. Njiani akasimamishwa. Leseni sawa, bima sawa, lakini taa moja ya nyuma haikuwaka.

"Sasa unasemaje?" afande akauliza.

"Afande, ni kosa langu. Niandikie niende kortini."

Akaambiwa aegeshe kando. Saa zikapita. Ndizi nazo hazingoji mtu, na jua la huku mwalijua. Mara simu ya mwenye gari: "Wenzako wanashusha mzigo! Pesa ya barabara nilikupa ya nini?" Jamaa akatoa mia tano, akaachiliwa.

Nilimwuliza kama hajui sheria. Akanijibu, "Mama, naijua sana. Lakini nikichelewa ninayekatwa mshahara ni mimi."

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, askari alikosa. Pili, dereva pia alikosa. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea: kifungo hadi miaka 10, au faini hadi shilingi milioni 5. Tatu, na hili twalisahau, mwenye gari alikuwa kwenye kosa hilo tangu asubuhi, alipotoa "pesa ya barabara" isiyohitaji risiti.

Tena tuangalie jambo moja. Ile mia tano haikuwasha taa. Lori liliingia usiku vilevile, nyuma giza. Ukaguzi uliwekwa ili mwenye pikipiki au basi linalofuata aone kilicho mbele yake. Hongo inapopita, askari amelipwa, dereva ameondoka, na hatari imebaki barabarani pamoja nasi.

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya safari. Dereva na tanboi wazunguke gari: taa, breki, matairi, pembetatu za hatari. Karatasi ziwe pamoja: leseni ya daraja linalofaa, bima, cheti cha ukaguzi, karatasi za mzigo.

2. Mzigo. Kwa sheria ya Afrika Mashariki, gari lote na mzigo wake lisipite tani 56, na hizo ni kwa lenye ekseli 7. Kila ekseli pia ina kipimo chake: ya usukani tani 8; ekseli moja yenye matairi pacha tani 10. Kwa hiyo waweza kukamatwa pale mizani ya Mariakani hata kama jumla ni sawa, kwa sababu mzigo umerundikwa upande mmoja. Wapakiaji waelezwe mapema.

3. Ukisimamishwa. Simama, salimia, usigombane. Uliza kosa ni lipi. Askari mwenye sare anatakiwa kuonyesha jina au nambari yake; ikumbuke, pamoja na mahali na saa.

4. Ukikamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chasema uelezwe sababu upesi, kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zinaishia siku isiyo ya kazi. Dhamana ya kituoni ina risiti. Pesa bila risiti si dhamana.

5. Kuripoti. Tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ni simu 1551. Malalamiko juu ya polisi hupelekwa IPOA, simu 1559. Zote ni bure.

6. Mwenye gari. Akubaliane na dereva kabla ya kuondoka: akicheleweshwa kwa kukataa hongo, hatakatwa. Bila ahadi hiyo, twamwambia dereva awe shujaa kwa mshahara wake peke yake, na hiyo si haki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

(a) Katika kisa hiki, nani angeweza kuzuia hongo kwa gharama ndogo zaidi?
(b) Sisi tunaongojea mzigo sokoni, twachangiaje haraka hii?
(c) Wenye malori katika kikundi chenu wako tayari kutoa ahadi ya namba 6? Waulizeni leo, wakiwa wamekaa hapo.