Kumsimamia Mwana Aliyevunja Masharti ya Hakimu

Fundisho la mwezi. Isomwe kwanza: Waraka kwa Filemoni, Yohana 9:18-23, na Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo.



Katika sharika zetu za Kongwa wako wazazi wenye huzuni wasiyoitamka mbele za watu. Mwana wao ni mtu mzima, naye ametekwa na gongo, au bangi, au unga. Alitenda kosa, akashitakiwa, naye hakimu akaona vema asimtie gerezani bali amwache chini ya masharti. Watu hukiita kifungo cha nje. Lakini kileo hakikumwacha. Siku ya kuripoti hakuonekana, au alikutwa tena amelewa, na sasa anaitwa arudi mbele ya hakimu. Mara nyingi wa kwanza kuulizwa shauri si wakili, bali mwinjilisti wa mtaa. Kwa hiyo yafaa tujue la kujibu.

Njia mbili za hofu

Yohana anatupa habari za wazazi wa yule mtu aliyezaliwa kipofu. Walipoulizwa juu ya mwana wao, walijibu kwamba yeye ni mtu mzima, na aulizwe mwenyewe. Neno lao lilikuwa kweli, lakini walilisema kwa kuogopa kutengwa na sinagogi. Hata leo mzazi aweza kusema, "Ni mkubwa, amejitakia," kumbe anaogopa macho ya washarika. Ndipo mwana huenda mahakamani peke yake, asijue la kusema, akakubali kila neno ili mambo yaishe.

Njia ya pili ni kumficha. Mama humpa nauli usiku, akamtuma kwa mjomba wake mbali. Jambo hili lafanana na upendo, lakini ni mtego. Hakimu asipomwona aweza kutoa hati akamatwe, na yule aliyekosa kuripoti siku moja sasa huonekana kuwa mtoro. Kama yuko aliyemdhamini, huyo naye hudaiwa.

Mtume Paulo hakufuata njia yo yote ya hizo mbili. Onesimo alikuwa ameondoka kwa Filemoni, naye alikuwa mtu mzima mwenye jambo la kujibu. Paulo alimpenda kama mwana, wala hakumficha, alimrudisha. Lakini hakumrudisha peke yake, kwa maana Waraka kwa Wakolosai watuonyesha kwamba alisafiri pamoja na Tikiko. Wala hakumrudisha mikono mitupu, maana alimwandikia barua. Tena, kama lilikuwako deni, Paulo alijitoa kulilipa. Utumwa wa siku zile si mfano wetu. Tunaloangalia ni jinsi mkosaji mzima alivyosimamiwa na mtu ampendaye. Basi tujifunze mambo manne.

1. Arudi, naye ajue anarudia nini

Kifungo cha nje ni jina moja la mambo kadha. Yuko aliyeachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa tena kwa muda uliotajwa. Yuko aliyewekwa chini ya afisa uangalizi kwa sheria ya uangalizi wa wakosaji, Sura ya 247. Yuko aliyeamriwa kufanya kazi ya jamii bila ujira kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Kila moja ina masharti yake. Kwa hiyo, kabla ya kumtafuta wakili, nendeni kwa karani wa mahakama mkaombe nakala ya amri, mkaisome neno kwa neno pamoja na mwana mwenyewe.

Tena jueni kwamba kuvunja sharti hakumtii mtu gerezani pale pale. Kwa aliye chini ya uangalizi, kosa likithibitika, hakimu aweza kumtoza faini na kuuacha uangalizi uendelee. Au aweza kumhukumu kwa lile kosa la kwanza. Hapo penye njia mbili ndipo mtetezi ana kazi. Atamweleza hakimu ni sharti lipi lililovunjwa na lipi lililoshikwa, ni kwa sababu gani, na ni nini kitakachokuwa tofauti safari hii.

Lakini kama ameshitakiwa kwa kosa jipya, hilo ni shauri jingine. Asilitolee maneno kabla hajapata shauri la wakili. Kunyamaza mpaka upate mshauri si kusema uongo. Maungamo yake kwa Mungu yana mahali pake, na majibu yake mahakamani yana taratibu zake.

2. Asiende peke yake

Mshitakiwa ana haki ya kutetewa na wakili katika mahakama za jinai zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo. Katika Mahakama ya Mwanzo mawakili hawakuruhusiwa kwa miaka mingi, na mlango huo umefunguliwa kiasi tu, palipo na Hakimu Mkazi. Basi ulizeni mapema shauri li katika mahakama ipi, msije mkauza ng'ombe kumlipa mtu asiyeweza kusimama pale.

Asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yampa maskini njia ya kuomba msaada, na hakimu mwenyewe akiona kwamba haki yadai mtu atetewe naye hana uwezo, aweza kuagiza asaidiwe. Sheria hiyo yawatambua pia wasaidizi wa kisheria walio karibu na watu. Hao hueleza sheria, huelekeza njia, na husaidia kuandika maombi. Hawasimami mahakamani badala ya wakili, wala hawaruhusiwi kudai malipo. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya wilaya ni mahali pazuri pa kuwaulizia.

Jihadharini na vishoka, wale wajiitao mawakili wakingoja watu nje ya uwanja wa mahakama. Jina la wakili wa kweli limo katika orodha ya mawakili ya Mahakama. Na akija mtu asemaye, "Leteni kitu kidogo nimpelekee mkubwa," mkimbieni. Hiyo ni rushwa. Ni dhambi mbele za Mungu na kosa mbele ya serikali.

Neno moja kwa mzazi alipaye: wakili ni wa mwanao, si wako. Yeye hutunza siri za huyo anayemtetea, hata wewe hatakuambia bila ruhusa yake. Usikasirike. Mwana aliye mtu mzima atajibu kwa kinywa chake, nawe kaa nyuma yake upate kuonekana.

3. Barua iwe ya kweli

Hapa nasema hasa na ninyi wazee wa kanisa na wainjilisti. Mtaombwa barua ya kumpelekea hakimu. Mama atalia mlangoni, akitaka mwandike kwamba kijana ameacha ulevi na hakosi ibada. Kama si kweli, msiandike. Amri ya Nane yakataza ushuhuda wa uongo hata kwa machozi ya mama; tena barua moja ya uongo ikifunuliwa, barua zote za usharika zitadharauliwa.

Lakini msimwache bila barua. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, atufundisha kwamba amri hiyo haikatazi uongo tu, bali yatuagiza kumtetea jirani na kumnenea mema. Andikeni mliyoyaona: kwamba mwajua nyumba yake, kwamba Jumamosi mbili alikuja kufyeka uwanja wa kanisa akiwa na akili timamu, kwamba wazee wawili wameahidi kumpeleka kuripoti kila siku iliyowekwa. Paulo hakumwandikia Filemoni kwamba Onesimo hakuwa na kosa. Alikiri kwamba zamani hakufaa, akashuhudia kwamba sasa anafaa. Barua fupi yenye ukweli na ahadi itakayotimizwa yamfaa hakimu kuliko sifa nyingi.

4. Dawa itafutwe, na deni lipimwe

Hakimu akiuliza ni nini kitakachobadilika, machozi hayatoshi kuwa jibu. Mtu aliyetekwa na kileo ni mkosaji, naye pia ni mgonjwa. Msimfungie ndani ili aache kwa nguvu, maana mnywaji wa siku nyingi akikatizwa ghafula aweza kushikwa na degedege hata kufa. Mpelekeni hospitali. Huko Dodoma iko Hospitali ya Mirembe ya magonjwa ya akili, pamoja na kituo chake cha Itega kitunzacho waliotekwa na madawa. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, huwasaidia watumiaji wa heroini. Si dawa ya bangi wala ya gongo. Mombeni daktari maandishi, nayo yapelekwe kwa wakili.

Lakini angalieni jambo hili, maana wengi hujikwaa hapo. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kijana wa Kibaigwa au Mlali hawezi kwenda Dodoma na kurudi kila siku. Itampasa kukaa huko. Ikiwa amri ya hakimu yataja mahali pa kukaa, au siku za kuripoti Kongwa, kuhama kwake ni kuvunja sharti tena, ijapokuwa kwa nia njema. Kwa hiyo afisa uangalizi aelezwe kwanza, na mahakama iombwe kubadili amri kabla hajahama.

Na juu ya fedha: Paulo alijitwika deni, lakini Mithali yamwonya mtu asiyekuwa na cha kulipa asijifunge kwa dhamana. Maneno haya mawili hayapingani. Paulo alijua anachoahidi. Nawe mzazi, ukiitwa kudhamini, uliza ni kiasi gani na utadaiwa lini. Toa kilicho chako. Usiweke rehani shamba linalolisha wadogo zake.

Wapendwa, mwana aweza kufungwa hata tukifanya yote haya. Hakimu ana wajibu wake kwa jamii, nasi twamheshimu. Hapo kazi yetu haijaisha: kumtembelea gerezani, na kumtunzia mahali pake nyumbani na kanisani, mpaka siku atakaporudi.

Maulizo ya kuzungumza

1. Wazazi wa yule kipofu walisema kweli. Walikosa wapi?
2. Paulo alifanya mambo gani ili Onesimo asirudi peke yake wala mikono mitupu?
3. Ukiombwa barua juu ya kijana anayelewa bado, utaandika nini, na utakataa kuandika nini?
4. Katika mtaa wenu, ni nani awezaye kuahidi kumsindikiza mtu kuripoti, naye akatimiza?