Mirambo kwa Kilemba, Livingstone bila Helmeti

Mwaka 2018 filamu ya Black Panther iliionyesha dunia Wakanda, taifa la kubuni lililovikwa nguo zenye asili ya Wamaasai, Wahimba, Wabasotho na Wazulu. Mbunifu wa maleba yake, Ruth E. Carter, alipata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda katika fani hiyo. Tangu hapo, fundi cherehani anayeletewa kazi ya "vazi la shujaa wa Kiafrika" hujua ataulizwa madoa ya chui.

Tabora haina haja ya kubuni taifa. Mji huu, ambao Richard Burton na John Speke waliufikia Novemba 1857 wakauita Kazeh, ulikuwa njiapanda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na watu waliopita hapa wameandikwa habari zao hadi rangi ya kofia. Maswali yanayofuata ni yale yanayojitokeza kila shule au kikundi cha sanaa kinapotaka kuwapandisha watu hao jukwaani.

Mirambo avikwe nini?

Si ngozi ya chui. Henry Morton Stanley alikutana naye Aprili 1876 na kueleza mtu mrefu, wa umri wa miaka 35 hivi, mwenye sauti ya upole, aliyevaa kama tajiri wa Kiarabu: kilemba, tarbushi, koti la Kiarabu, shati jeupe safi ndani yake, sapatu miguuni na upanga uliopinda. Huyo ndiye mtemi ambaye miaka mitano kabla alikuwa ameichoma moto sehemu ya Tabora na kuwatoa jasho Waarabu wa Unyanyembe.

Kwa mwigizaji hii ni zawadi. Mtazamaji anatarajia simba anayenguruma, anatokea bwana nadhifu anayeongea taratibu, na ukumbi mzima unatulia kumsikiliza. Kwa fundi nako ni nafuu: kanzu au shati jeupe, joho jeusi la kuazima msikitini au kwa mzee wa mtaa, tarbushi ya kitambaa chekundu iliyotiwa kadibodi ndani isinyauke, na kitambaa cha kilemba kilichozungushwa juu yake.

Basi manyoya na mapembe yalikuwa ya nani?

Ya rugaruga, vijana wake wa vita. Wasafiri na wamishonari waliwaelezea wakiwa na nguo nyekundu, manyoya kichwani, bangili za shaba na za pembe za ndovu. Zipo pia habari za mikufu ya meno ya watu na mikanda ya utumbo wa binadamu. Waandishi wa Ulaya walipenda kutisha wasomaji wao, na rugaruga wenyewe walipenda kutisha adui, kwa hiyo chumvi inaweza kuwa imetoka pande zote mbili. Kwenye onyesho la shule, nguo nyekundu na bangili nyingi zinatosha kabisa.

Kama kuna nafasi ya vazi moja tu la kuvutia macho, achaguliwe mhusika gani?

Kirangozi. Watunzi wa michezo humsahau, wakati ndiye aliyekuwa amevaa kupita wote njiani.

Katika kitabu chake cha 1860, Burton anamweleza kiongozi huyu wa msafara akitangulia na bendera nyekundu tupu ya Sultani wa Zanzibar, nyuma yake mpiga ngoma. Amevaa kipande chembamba cha kitambaa chekundu chenye urefu wa futi sita hivi, kimetobolewa katikati kupitisha kichwa, ncha zikining'inia mbele na nyuma. Kichwani ana ngozi ya mbega yenye weusi na weupe, au ya paka-mwitu mwenye milia, imefungwa shingoni na kushuka mabegani. Juu yake limesimama tita la manyoya ya bundi au ya korongo-taji. Ongeza mlio wa baragumu na msafara umekwisha kuingia ukumbini.

Kushona kwake ni kazi ya mchana mmoja. Nunua kitambaa chekundu cha mita 1.8, upana wa nusu mita. Kikunje katikati, kata tundu la shingo, uzungushie pindo nene ili lisichanike mwigizaji anapovaa kwa haraka. Ncha zote mbili zichane vipande virefu: zinatakiwa zipepee anapotembea. Kitambaa chenyewe kiwe kizito kidogo, maana cha satini hung'aa chini ya taa na kumfanya kirangozi aonekane mpambe wa harusi.

Ngozi ya mbega na manyoya ya korongo vipatikane wapi?

Visitafutwe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inafanya kumiliki nyara bila kibali kuwa kosa, na ngozi ni nyara hata kama ni ya babu. Katani iliyochanwa vizuri, nusu yake ikatiwa rangi nyeusi, huonekana mbega halisi kwa mtu aliyekaa mstari wa tatu. Manyoya ya jogoo yatatosha kwa tita la kichwani. Koti kuukuu la mtumba lenye manyoya ya bandia, likikatwa kwa makini, linaweza kutoa kofia mbili.

Kitambaa gani kilikuwa cha kawaida?

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu njia ya misafara ilikuwa kwa sehemu kubwa njia ya nguo. Vitambaa vilipanda kutoka pwani, pembe zikashuka. Njiani hongo, yaani ushuru wa kupita, ililipwa kwa nguo na chakula kilinunuliwa kwa nguo. Merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ilikuwa mfalme. Kaniki, ya buluu iliyokolea karibu na weusi, ilitoka India. Wenye uwezo walitafuta vitambaa vya rangi na mistari, kama dabwani ya Maskati.

Vipimo vyake vinamfaa fundi wa leo. Shuka ilikuwa mikono minne, yaani kama mita 1.8, doti ilikuwa mikono minane. Mpagazi wa kawaida atatosheka na shuka moja kiunoni. Mwenye cheo ajifunge doti nzima, tena ya rangi. Mtazamaji hatahitaji kuambiwa nani mkubwa.

Pamba mpya nyeupe huonekana kama shuka la hospitali. Ichemshe na majani ya chai, ikauke juani ikiwa imekunjamana, kisha ipakwe vumbi kidogo kwenye pindo. Msafara kutoka pwani hadi Unyanyembe ulichukua miezi, haukufika ukiwa umepigwa pasi.

Na shanga?

Zisichanganywe ovyo. Kila nchi njiani ilikuwa na chaguo lake, na msafara uliobeba shanga zilizopitwa na wakati ungeweza kulala njaa. Samesame nyekundu zilipendwa sana. Sofi, zilizofanana na vipande vya kiko kilichovunjika, zilikuwa na soko upande wa Ujiji. Rangi moja au mbili kwa mwigizaji mmoja inaleta ukweli kuliko rundo la rangi saba.

Pembe za ndovu je?

Mifupa yake ni waya, nyama yake ni magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga wa ngano, ngozi yake ni rangi ya krimu, kamwe si nyeupe pe. Wapagazi wa pembe walifunga kengele kwenye mizigo yao. Kengele ya ng'ombe iliyoning'inizwa nchani itasikika kabla msafara haujaonekana. Mwigizaji asiitupe pembe begani kama mpini wa jembe. Mzigo wa kawaida ulifika kilo 30 na zaidi, na shingo yake iuonyeshe.

Livingstone lazima avae helmeti nyeupe?

Hiyo imezoeleka kwa sababu ya picha na sinema. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871 akiwa na kofia ya buluu iliyopauka yenye utepe wa dhahabu uliofifia, kizibao chenye mikono myekundu na suruali ya kijivu ya sufu. Vitu vitatu, vyote vya mtumba. Nguo zionekane zimechoka: ni mzee mgonjwa, aliyeishiwa bidhaa.

Stanley ndiye aliyependa mapambo. Aliporudi London mwaka 1872 alivaa tena nguo zake za safari ndani ya studio na kupigwa picha pamoja na Kalulu, mtoto aliyepewa na mfanyabiashara Mwarabu hapa Tabora. Kundi linalotaka tamthilia yenye makali lingeweza kuigiza siku hiyo ya studio: mzungu anayejiigiza mwenyewe, na mtoto asiyeulizwa kama anataka kuwemo. Kalulu alikufa maji katika Mto Kongo mwaka 1877.

Wanawake wa msafara wavae kanga?

Hapana, kama mchezo unahusu miaka ya 1850 au 1860. Kanga ilienea pwani katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na maandishi juu yake yakaja baadaye. Wavae kaniki au merikani iliyofungwa chini ya makwapa, shanga shingoni, na chungu au kitita kichwani. Kanga yenye methali ya jana ikionekana mbele ya Burton, wazee wa mstari wa mbele wataanza kuisoma kwa sauti, na tukio limekwisha.

Kuna vazi la kukwepa kabisa?

Kombati. Anayeigiza askari wa Kijerumani walioivamia ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 badala ya kukamatwa, avae kaki ya kawaida ya mtumba, isiyo na mabaka. Sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo ni marufuku kwa raia, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa waliokuwa nazo wazisalimishe. Kaki iliyofuliwa mara nyingi ikapauka ndiyo inayofaa. Vifungo vya plastiki vibadilishwe, viwekwe vya shaba.