SOMO: UTABIRI WA MVUA NA WAJIBU WA BODI YA CHAMA

Kabla ya kila majira ya mvua, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua zijazo. Tangazo hilo lina uzito kwa chama cha msingi, kwa kuwa wakati huo ndipo Bodi inapoamua mbegu za kuagizwa, kiasi cha mkopo wa pembejeo na matengenezo ya ghala. Wako wanachama wanaoliamini kama ahadi, na wako wanaolibeza tangu siku lilipokosa kutimia. Namna zote mbili zaweza kukitia chama hasara. Somo hili laeleza utabiri hutokana na nini, na jinsi unavyofaa kusomwa.

1. Wingu na mvua

Hewa yenye unyevu ikipanda juu hupoa. Ikipoa vya kutosha, mvuke hugeuka kuwa matone madogo mno yanayoshika chembe za vumbi na za chumvi ya bahari. Mkusanyiko wa matone hayo ndio wingu. Tone moja la mvua lahitaji matone ya wingu yapatayo milioni moja. Kwa hiyo si kila wingu huleta mvua: sharti hewa iendelee kupanda, na unyevu uendelee kuletwa.

Pepo za kaskazini na za kusini hukutana katika ukanda mvua, ambao hulifuata jua kwenda kaskazini na kurudi kusini. Sehemu zinazopitiwa mara mbili hupata vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Sehemu za kusini na magharibi ya nchi hupata msimu mmoja, Novemba hadi Aprili.

2. Bahari na mvua za vuli

Ikiwa ukanda ni ule ule kila mwaka, kwa nini vuli moja hufurika na nyingine hukauka? Jibu limo baharini. Mvua kubwa za mwaka 1997 zilikuja pamoja na El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki. Lakini mvua za vuli ya mwaka 1961 pia zilikuwa kubwa mno, hata kati ya mwaka huo na 1964 maji ya Ziwa Victoria yakapanda zaidi ya mita 2. Na mwaka 1961 haukuwa na El Niño.

Mwaka 1999 watafiti N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walionyesha kwamba Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake. Baadhi ya miaka maji ya upande wa Afrika hupata joto kuliko kawaida, na ya upande wa Sumatra hupoa. Hapo hewa hupanda zaidi upande wa Afrika, na vuli huwa kubwa, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Mizani ikielemea upande wa pili, vuli hupungua. Mwaka 1961 ulikuwa mmoja wa miaka ya mizani kuelemea upande wa Afrika.

Jambo hilo lilijulikana kwa sababu vipimo vya miaka ya nyuma vilikuwa vimeandikwa na kutunzwa. Aliyepima joto la maji mwaka 1961 hakujua kipimo chake kitamfaa nani.

3. Kulisoma tangazo

Mvua za miaka mingi iliyopita hugawanywa katika mafungu matatu yaliyo sawa: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Kisha hukadiriwa uwezekano wa kila fungu. Tuseme utabiri watoa asilimia 50 juu ya wastani, 30 wastani na 20 chini ya wastani. Maana yake si kwamba mvua kubwa imeahidiwa. Katika majira kumi yenye utabiri kama huo, mawili hutazamiwa kuwa makavu.

Tena, utabiri huo ni wa jumla ya majira. Mvua yaweza kutimiza jumla yake kwa wiki chache, na mahindi yakanyauka katikati. Na utabiri wa vuli huwa wa kutegemewa kuliko wa masika, kwa kuwa vuli imefungamana zaidi na hali ya bahari.

4. Wajibu wa Bodi

(a) Kutoweka mkopo wote wa pembejeo katika mbegu ya aina moja. Hata utabiri ukiwa mzuri, sehemu iwe ya mbegu inayokomaa mapema. Maana mvua ikikosekana, deni halikosekani.

(b) Kuwasomea wanachama asilimia zote tatu, si ile kubwa peke yake, na kuandika katika muhtasari sababu za uamuzi uliofikiwa.

(c) Kuwa na kipima mvua na daftari lake. Kipimo kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, na siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika kila mita ya mraba; kwa ekari moja ni lita zipatazo 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200.

(d) Kulihifadhi daftari hilo pamoja na leja. Wastani wa mvua hupatikana kwa vipimo vya miaka 30. Hakuna Bodi moja itakayoumaliza muda huo, ila chama chaweza.

Maswali ya kujadili

1. Utabiri ukisema asilimia 45 chini ya wastani, je, ni haki kusimamisha mikopo yote ya pembejeo?
2. Majira yaliyopita mvua ilinyesha siku ngapi katika eneo la chama? Jibu limetoka daftarini au katika kumbukumbu ya wazee?
3. Mwanachama aliyekosa mavuno adai alidanganywa na tangazo. Ajibiwe nini?