Dondoo muhimu: Nusu marathoni kwenye miinuko ya Moshi

Nusu marathoni ni kilomita 21.1. Mkimbiaji wa ridhaa anayeilenga ile ya Kilimanjaro Marathon, mjini Moshi, ajipe wiki 10 hadi 12 za mazoezi, siku tatu au nne kwa wiki. Mbio ndefu za mwisho wa wiki ndizo uti wa mgongo: aanze na kilomita 8, aongeze taratibu hadi 18.

Njia ya mbio hizo inapanda kuelekea eneo la Mweka, kisha inageuka na kuteremka. Aliyezoea tambarare ya Dar es Salaam hushawishika kuukamia mlima mapema, akaishiwa nguvu kabla ya kugeuka. Apande kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, afupishe hatua. Mteremko nao si mapumziko hata kidogo! Mapaja ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mshindo, hivyo mazoezi ya kushuka vilima yasiachwe.

Viatu vipya siku ya mbio? Hapana kabisa, malengelenge hayachelewi.

Ndizi mbivu au mkate, saa mbili kabla ya kuanza, vinatosha. Maji anywe kidogo kidogo njiani. Akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimame papo hapo na amwite mhudumu wa afya.