Ni Nani Astahiliye Figo?



Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la madaktari peke yao. Mtu ambaye figo zake zimekufa, ni nani wa kusema kwamba huyu astahili kupandikizwa figo na yule hastahili?

Yapasa kwanza tutenganishe sharti za tiba na sharti za dunia. Sharti za tiba ni kama kuwafikiana kwa damu ya mtoaji na ya mpokeaji, na moyo kuweza kustahimili operesheni. Na baada ya hapo mgonjwa atameza kila siku dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo ngeni, maadamu figo hiyo yafanya kazi. Kumzuia mtu kwa sababu operesheni itamuua si dhuluma, bali ni amana ya daktari.

Ama sharti za dunia ndizo zenye hatari. Katika mji wa Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache. Ikawekwa kamati ya watu saba kuchagua nani atibiwe. Wakatazama kipato cha mtu, kazi yake, elimu yake, hata kuhudhuria kwake kanisani. Habari zilipochapishwa watu wengi walichukizwa, na mwaka 1972 serikali ya huko ikapitisha sheria ya kuwagharimia karibu wagonjwa wote wa figo. Mizani ya thamani ya mtu haikuwekwa mikononi mwa binadamu.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Seattle, sisi yatuhusu nini? Twajibu: yatuhusu sana. Mtu wa Soweto West, hapa Kibera, hospitali kuu ya Kenyatta haiko mbali naye. Lakini anunua maji kwa mtungi, na alala chumba kimoja na watu wengi. Daktari achelea kwamba hataweza kununua dawa, na kwamba dawa zenyewe, kwa kuwa zadhoofisha kinga ya mwili, zitamfungulia mlango wa maradhi mengine. Hofu hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini hiyo si ila ya mwili wake. Ni ila ya hali yake, na hali yaweza kutengenezwa. Basi kabla ya kuulizwa "Je, afaa?", na iulizwe "Amekosa nini, na ni nani wa kumtimizia?"

Tena kuna upande wa pili. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, lilijuzisha kutoa kiungo kwa masharti, na likakataza kukiuza. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo yataka ridhaa ya mtoaji. Juu ya hayo, Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret, na kuunda kamati ya kuchunguza tuhuma za biashara ya figo. Tazameni ajabu hii: ufukara unaomfanya kijana ahesabiwe kuwa hafai kupokea figo, ndio huo huo unaomfanya aonekane afaa kuitoa! Ridhaa ya mwenye njaa yataka kuchunguzwa mara mbili.

Basi wajibu wetu ni mitatu. Kwanza, tupime presha na sukari mapema, kwani hayo mawili huua figo za wengi. Pili, jirani akiambiwa hafai, tumwulize daktari sababu. Ikiwa ni fedha ya dawa, zaka na sadaka zetu zina mahali pa kwenda, wala mchango usiishe siku ya operesheni, kwani dawa haziishi siku hiyo. Tatu, tuwaonye vijana wetu na madalali wa viungo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.